Haki Iliyo Ndani ya Neno "Mstahiki"

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa karani wa vikao katika halmashauri moja ya manispaa, niliagizwa kuandaa barua za mwaliko wa kikao cha kawaida cha Baraza la Madiwani. Niliziandika kwa uangalifu wote, nikazipeleka kwa mzee aliyekuwa akitufundisha kazi, nikitarajia kwamba atazipitisha tu. Zilirudi mezani kwangu kabla ya adhuhuri. Kosa lilikuwa moja, na lilikuwa katika kila barua: pale nilipoandika "Mheshimiwa Meya", mzee alikuwa amelikata neno la kwanza kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "Mstahiki", akiikoleza herufi ya h ili nisije nikaiacha. Nilimfuata, nikamwamkia, kisha nikamwuliza tofauti iko wapi. "Mwanangu," akaniambia, "waheshimiwa humu ukumbini ni wengi. Mstahiki ni mmoja."

Jibu lile lilinifaa kazini kwa miaka mingi. Hata hivyo lilinionyesha mahali pa kulitumia neno, wala halikunieleza neno lenyewe, na kadiri nilivyozidi kuliandika katika makabrasha na mihtasari ndivyo lilivyozidi kunisumbua. Kwa nini mstahiki, na anastahiki nini? Nimelifuata neno hilo pamoja na jirani yake, meya, hadi yalikotoka, na niliyoyakuta huko yamebadilisha namna ninavyoyasikia yanapotamkwa.

Nianze na meya, kwa kuwa historia yake inafuatika kwa urahisi. Sisi tumelipokea neno hili kutoka kwa Waingereza, nao Waingereza walilipata kutoka Kifaransa katika karne zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066, wakati watawala wao walipokuwa wakizungumza Kifaransa. Wafaransa walisema maire, na hadi leo mkuu wa mji kwao anaitwa hivyo. Nyuma ya maire kuna neno la Kilatini, maior, lenye maana ya mkubwa zaidi. Jiji la London linamhesabu Henry Fitz-Ailwin kuwa meya wake wa kwanza, naye alishika nafasi hiyo tangu mwaka 1189, kwa hiyo cheo chenyewe tayari kina zaidi ya miaka 800 katika nchi iliyotuletea.

Maior halikuishia kwa wakuu wa miji. Katika falme za Wafaranki, walioitawala Ufaransa ya kale, alikuwapo mtumishi mkuu wa kasri aliyeitwa maior domus, yaani mkubwa wa nyumba, aliyeanza kama msimamizi wa shughuli za mfalme na ambaye, kizazi baada ya kizazi, aliishia kuwa mwenye nguvu kuliko bwana wake, hadi mmoja wao, Pepin, alipomwondoa mfalme na kukikalia kiti mwenyewe mwaka 751. Katika majeshi, maior hiyo hiyo ndiyo iliyozaa cheo ambacho sisi tunakiita meja. Kwa hiyo Kiswahili kina watoto wawili wa mama mmoja: mmoja amevaa joho na mkufu katika ukumbi wa halmashauri, mwingine amevaa gwanda kambini, na watu wengi wanaowaamkia wote wawili katika sherehe moja ya kitaifa hawajui kwamba vyeo vyao ni ndugu.

Nitaongeza jambo moja la Hispania, kwa sababu linatugusa. Mkuu wa mji kwa Wahispania anaitwa alcalde, na neno hilo ni al-qadi ya Waarabu, ambayo ndiyo kadhi wetu. Waislamu waliitawala sehemu kubwa ya nchi ile kwa karne nyingi, na utawala wao ulipokwisha, cheo cha hakimu wao kilibaki kikawa cha mkuu wa mji. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba mataifa hayakumtazama kiongozi wa mji kwa jicho moja. Wafaransa na Waingereza walipomtafutia jina walitazama ukubwa wake. Wahispania walilichukua jina la mtu anayeamua kesi. Ukilijua hilo, utaona kwamba sisi tuliofuata njia ya ukubwa tulihitaji neno la pili la kuutuliza ukubwa huo, na neno hilo tunalo.

Kabla ya meya, miji yetu haikuwa bila wakuu wala bila majina ya kuwaita. Pwani ya Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, ilikuwa na majumbe na madiwani wa kale, watu wa ukoo na heshima waliokuwa wasemaji wa miji yao. Masultani wa Zanzibar waliweka maliwali, na neno liwali ni al-wali ya Kiarabu, yaani mtawala aliyewekwa na mwenye mamlaka, ambayo imeingia kwetu na kibainishi chake, al-, kikiwa kimeng'ang'ania mbele. Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliwatumia maliwali na majumbe hao hao, pamoja na maakida, yaani wasimamizi wa maeneo yenye vijiji kadhaa, kama ngazi za utawala wao, na Waingereza nao waliendelea na maliwali katika miji ya pwani. Dar es Salaam ilipofanywa manispaa mwaka 1949 ndipo ilipopata meya. Hakuna aliyelitafsiri neno hilo. Lilivaa vazi la Kiswahili tu, likapata wingi wa mameya kama marais na madaktari, huku likichukua upatanisho wa watu: mameya wamekutana, mameya wetu.

Neno jiji lenyewe, tofauti na meya, ni letu kabisa. Limetokana na mji, lililokuzwa kwa ji- kama tunavyokuza mtu likawa jitu. Manispaa ni la wageni, na asili yake ni Kilatini: mji ambao wakazi wake walikuwa wamepokea majukumu ya uraia wa Roma. Ninapenda kwamba ndani ya neno lile kuna wajibu, ingawa hakuna anayelikumbuka hilo anapokwenda kulipia leseni ya biashara.

Diwani anahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa ndiye anayemzaa meya. Neno hili ni la Kiajemi, na lilipopita katika Kiarabu lilimaanisha daftari la kuandikia majina na hesabu. Khalifa Umar bin Khattab ndiye anayekumbukwa kwa kuweka diwani ya dola ya Kiislamu katika karne ya 7, daftari ambamo waliandikwa watu waliokuwa na fungu lao katika mapato ya dola, kila mmoja na kiasi chake. Kutoka kwenye daftari, jina likahamia kwenye ofisi inayolitunza, kisha kwenye baraza la wakubwa wa ofisi hiyo, na hatimaye, katika upwa wetu, kwa mtu mwenyewe. Tawi jingine la maana likaenda kwa washairi: mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja nao ukaitwa diwani, kwa kuwa nao ni daftari.

Matawi hayo mawili yalikutana kwa mtu mmoja wa kwetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na ndani ya kitabu hicho akaweka mashairi yake chini ya jina la Diwani ya Amri. Miaka 6 baadaye, mwaka 1960, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Mtu aliyekuwa na diwani yake ya mashairi alikaa mbele ya madiwani wa mji, na kwa yeyote anayekipenda Kiswahili hilo si jambo la kupita bila kusimama. Alikuwa mwanachuoni aliyejua vema Kiarabu kilichoyazaa maneno haya, na alifahamu uzito wa mizani katika beti. Ninapofikiria jinsi alivyosikia akiitwa kwa heshima za cheo kile, ninaamini aliisikia maana nzima. Alifariki mwaka 1964, akiwa bado na umri wa miaka 40 tu.

Sasa nije kwenye neno lililonileta hapa. Mstahiki tumelitoa Kiarabu, mustahiqq, na limetengenezwa kwa kalibu, yaani umbo la kuundia maneno, ambayo Kiswahili kimeipokea mara nyingi kiasi kwamba masikio yetu yanaijua hata pasipo darasa. Ukiondoa kitangulizi cha sta- katika starehe, utaikuta raha ndani yake. Ndani ya staajabu kuna ajabu. Ndani ya staarabu kuna Uarabu, na ndani ya stakabadhi anayopewa mfanyabiashara anapolipa ushuru kuna kabidhi. Kwa kalibu hiyo hiyo, ndani ya stahiki kuna haki. Herufi mbili za qaf, k ya kooni ya Kiarabu, katika haqq, yaani haki, ndizo zilizobaki kama -ki mwishoni mwa neno, na h ambayo mzee wangu aliikoleza wino ndiyo h ya haki. Anayeandika "mstaiki", kama ninavyoona katika mabango mengi, anakosea tahajia, lakini zaidi ya hapo anaing'oa haki katika neno ambalo limejengwa juu yake.

Mu- ya Kiarabu, inayotangulia majina ya watenda, ilipofika kwetu ilikutana na m- ya ngeli yetu ya watu, zikashikana kana kwamba zilikuwa zikitafutana. Ndiyo sababu mu'allim akawa mwalimu na wingi wake walimu, musafir akawa msafiri na wingi wake wasafiri, na mustahiqq akawa mstahiki na wingi wake wastahiki. Hakuna Mswahili anayelihisi neno hili kuwa geni katika umbo.

Wengi hulichanganya na majirani zake wawili, na mkanganyiko huo ndio unaolifanya lionekane pambo. Jirani wa kwanza ni stahi, ambalo limetoka katika haya: kumstahi mtu ni kuona haya mbele yake, kujizuia usimvunjie heshima, na anayefanyiwa hivyo ni mstahiwa. Jirani wa pili ni stahili, ambalo limetoka katika ahli, watu wa kitu fulani: anayestahili kazi ni yule anayefaa kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kazi hiyo. Stahi inakaa moyoni mwa anayeheshimu, stahili inakaa katika sifa za anayeheshimiwa. Stahiki haikai kwa yeyote kati yao. Inakaa katika haki, na haki huwa na pande mbili, mwenye kuidai na mwenye kuitoa. Unaweza usimpende meya, unaweza hata kuona hafai, na bado ukamwita mstahiki bila unafiki wowote, kwa kuwa unachokitaja ni kile ambacho kiti chake kina haki nacho.

Waingereza walikuwa wakimwita meya wao "His Worship", na hapa ndipo ninapowapa heshima zangu zote watu, nisiowajua kwa majina, waliotafuta neno la Kiswahili la kuliweka mahali pake. Kamusi ya haraka ingewapa neno la ibada, kwa sababu katika Kiingereza cha leo "worship" ni kuabudu. Wangeweza kutuachia "Mwabudiwa Meya", na tungechekwa. Lakini asili ya neno lile la Kiingereza ni thamani: ni hali ya kuwa na thamani, ya kustahiki heshima, na maana ya ibada ilikuja baadaye, watu walipoanza kuielekeza heshima hiyo kwa Mungu. Mstahiki linaigusa ile maana ya kale moja kwa moja. Huo ni ufasiri wa mtu aliyelichimba neno hadi chini, na mimi nauhesabu miongoni mwa tafsiri bora kabisa zilizowahi kufanywa katika lugha ya utawala wetu.

Jambo lililonishtua zaidi nilikutana nalo mbali na ukumbi wa halmashauri. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mustahiqq ni jina la mtu mwenye haki ya kupokea zaka. Qurani, katika sura ya 9 aya ya 60, inayataja makundi manane ya watu hao, na wanaoanza kutajwa ni mafakiri na masikini, kisha wamo wenye madeni na msafiri aliyekwama njiani. Mwaka mmoja wa Ramadhani nilimsikia imamu akieleza kwamba zaka haiwi hisani ya tajiri kwa wastahiki wake, kwa kuwa sehemu ile ya mali ilikuwa yao tangu mwanzo, imekaa tu katika mikono isiyo yao ikisubiri kufikishwa. Nilikuwa nimetoka kazini, na mfukoni nilikuwa na ratiba ya kikao cha kesho yake ambayo katika mstari wa juu kabisa ilikuwa imeandikwa "Mstahiki Meya kufungua kikao". Neno moja lilikuwa limemkalia kiongozi wa mji na mama asiye na chakula cha jioni, na wote wawili kwa sababu ile ile: kuna kitu ambacho ni chao kwa haki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliona neno hili kila mahali. Magazeti yanaandika kwamba wastaafu wanadai stahiki zao, kwamba walimu hawajalipwa stahiki za uhamisho, kwamba mjane anafuatilia stahiki za marehemu mumewe. Hakuna anayesoma habari hizo akadhani kwamba stahiki ni pambo. Kila mtu anajua kwamba ni fedha ya mtu, ambayo asipopewa amedhulumiwa. Ni pale tu neno linapopanda jukwaani na kuvaa joho ndipo tunapolisahau.

Tanzania, cheo hiki kina mipaka yake, na mipaka hiyo inalisaidia neno lisichuje. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982, meya anaongoza halmashauri ya jiji au ya manispaa. Halmashauri ya wilaya na ya mji zina mwenyekiti, ambaye ni mheshimiwa lakini hana ustahiki. Meya hapigiwi kura na wananchi wa mji mzima. Anachaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao, naye anabaki kuwa diwani wa kata yake, mwenye kuulizwa habari za mtaro na zahanati kama wengine. Ule ukubwa zaidi wa maior umewekwa katika mzunguko wa watu walio sawa naye.

Kuna wakati cheo chenyewe kilitoweka. Serikali za mitaa zilivunjwa katika miaka ya mwanzo ya 1970, uongozi wa miji ukapelekwa chini ya mikoa na wilaya, na miji ikakaa bila mameya hadi halmashauri zake ziliporejeshwa kuanzia mwaka 1978. Dar es Salaam iliona jambo la namna hiyo tena kati ya 1996 na 2000, ilipoongozwa na tume badala ya baraza. Na mwaka 2021 halmashauri ya jiji ya zamani ilipovunjwa na Ilala kupandishwa kuwa jiji, kiti cha umeya wa jiji kilihama pamoja na hadhi hiyo. Mambo hayo yananithibitishia kwamba mstahiki hawi mstahiki kwa nafsi yake. Baraza lisipokuwepo, hakuna aliye na haki ya kuitwa hivyo, kwa kuwa hakuna wa kumpa haki hiyo.

Limebaki jambo moja, na linahusu kiti kilicho kando ya kile cha meya. Meya haajiri wala hashiki mfuko wa halmashauri. Hayo ni ya mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, ambaye katika vikao ni katibu wa baraza na katika fedha ni afisa masuuli. Masuuli nalo ni la Kiarabu, na maana yake halisi ni mwenye kuulizwa. Limetoka katika mzizi uliotupa swali na suala. Nilikaa nyuma ya viti hivyo viwili kwa miaka mingi, kalamu mkononi, nikiandika yatokanayo na kuhakiki akidi, bila kutambua jinsi vilivyopangwa: hapa aliye na haki, hapa aliye na maswali ya kujibu, na mbele yao watu wenye jina la daftari.

Kikao kimoja nakikumbuka hivi. Diwani mmoja wa kata ya pembezoni, mama mtu mzima, alisimama na kabrasha lake likiwa limekunjwa kwenye ukurasa wa mapato ya soko. Alivaa miwani, akainamisha kichwa kidogo kuelekea kiti cha mbele, akasema, "Mstahiki Meya, nina swali." Meya akampa nafasi. Mama akauliza fedha za choo cha soko zilikwenda wapi, kwa kuwa wanawake wa sokoni wamelipa ushuru kila siku na choo hawajakiona. Meya aligeuka upande wake wa kulia. "Ndugu Mkurugenzi," alisema, "majibu." Nikaandika swali lote kama lilivyoulizwa, nikaacha nafasi chini yake, nikasubiri.